Mweka Hazina wa Kudumu

Kaa kwenye kikao chochote cha kuchagua viongozi hapa Kigoma, kiwe cha shule, cha msikiti, cha harusi au cha mwalo, yaani pale ufukweni samaki wanaposhushwa, utaona mambo yanavyokwenda. Jina la mwenyekiti linatajwa watu hawajamaliza hata kukaa. Ukatibu anapewa mwenye mwandiko mzuri, mara nyingi mwalimu mstaafu. Halafu kunapita kimya kidogo, macho yanahamia upande tuliokaa sisi, na mtu anasema: "Hela tumpe mama. Mama hali hela." Makofi. Mimi nimepigiwa makofi hayo kwenye vikao vingi mpaka pale mwaloni wakaacha kuniita kwa jina la mwanangu. Wananiita Mweka, basi.

Miaka ya mwanzo nilijisikia vizuri, na sisemi kwamba si heshima. Mtu akikukabidhi mfuko wa mwalo mzima amesema jambo kubwa kuhusu malezi yako. Ila nilikuja kugundua kwamba waliokukabidhi mfuko hawakuulizi hela iende wapi. Wanapitisha wenyewe, kisha anakuja mmoja: "Mweka, toa elfu themanini, viongozi wana safari ya mjini." Unatoa, unaandika. Kesho yake wenzako wanaoanika dagaa wanakuuliza hela zimekwenda wapi, na wa kujibu ni wewe, siyo aliyesafiri.

Biashara yangu ni dagaa. Mwalo wenyewe sitautaja, maana nitasema ya watu na bado tunaamkiana kila asubuhi. Asiyejua kazi yetu ajue hivi: vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vinaingia ziwani jioni, kipindi cha giza, yaani siku ambazo mwezi haupo au unachelewa kutoka. Taa zinawashwa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na betri. Dagaa wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikikolea dagaa wanatawanyika, wavuvi wanabaki nchi kavu kushona nyavu na kukwepa wanaowadai. Alfajiri vyombo vinarudi, na hapo ndipo siku ya akina mama inapoanza: kununua kwa beseni, kuanika, kugeuza, kupepeta, kufunga viroba, kutafuta gari au nafasi kwenye treni. Kilo tatu mpaka nne za dagaa wabichi zinatoa kilo moja ya wakavu. Kwa hiyo ukinunua vibaya saa kumi na mbili asubuhi, umeshapata hasara kabla jua halijatoka.

Na bei hiyo hatuipangi sisi. Mwenye kipe ni mwanamume, nahodha mwanamume, wavuvi wote wanaume. Kuna mwiko wa zamani kwamba mwanamke hapandi chombo cha kuvulia; vijana wanaucheka, lakini hakuna anayeuvunja. Matokeo yake, habari za usiku tunasimuliwa. Ukiambiwa "jana ziwa lilikuwa gumu" unaongeza hela. Ukiambiwa "Wakongo wanasubiri pale, wanalipa zaidi" unaongeza tena, hata kama Mkongo mwenyewe hujamwona.

Nilichokuwa nacho mimi ni kaunta buku. Kila mfanyabiashara wa mwaloni alikuwa anatoa mchango mdogo wa usafi na lindo, na kwa kuwa siwezi ugomvi wa "nimelipa, hujalipa," nilichora safu nyingi kuliko nilizoagizwa. Jina, tarehe, kiasi, sahihi au dole gumba. Baadaye nikaongeza bei ya beseni siku ile na hali ya mwezi. Kisha nikaongeza mvua, kwa sababu masika ndiyo yalikuwa yanatumaliza: dagaa aliyeanikwa mchangani akinyeshewa anaoza au anakuwa na rangi ya kahawia, na hata asiponyeshewa anabeba mchanga, na mteja wa Dar es Salaam akitafuna mchanga safari moja harudi kwako. Hakuna aliyeniomba kuandika hayo yote. Nadhani nilianza kwa sababu ya bibi yangu.

Bibi mzaa mama alikuwa wa Ujiji, enzi za ujana wake akicheza ngoma ya akina mama. Hao walikuwa na vyeo vyao, sare zao, faini ya anayechelewa, mchango wa msiba na wa arusi. Bibi hakuwa na sauti ya kuimba, wala hakuwa hodari wa kucheza. Kazi yake ilikuwa kukumbuka nani katoa na nani bado. Hakujua kuandika, alikuwa anafunga mafundo kwenye pindo la kanga, fundo moja kwa kila mdaiwa, na mtu akilipa analifungua mbele yake. Nimeiona kanga hiyo mwenyewe, pindo limekunjamana kwa mafundo ya miaka. Waimbaji walikuwa wanasifiwa mtaa mzima, lakini bibi akipita barabarani kuna wanawake walikuwa wanabadilisha njia.

Nilipokuja kusoma habari za Bibi Titi Mohamed nilicheka peke yangu. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam. Mwaka 1955 TANU walipompa kazi ya kuingiza wanawake, hakuanza na mikutano ya hadhara, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Kila kiongozi akaja na watu wake, na wanawake wakaingia chamani kwa maelfu. Wanaume wa wakati ule waliona wamepata mwimbaji mwenye sauti. Kumbe nyuma yake kulikuwa na orodha za majina, michango na faini, na wanawake waliokwisha kuzoea kuitana na kufika.

Sasa nirudi mwaloni. Palikuwa na hela kidogo imekusanyika, na uongozi ukataka kujenga ofisi ya tofali. Sisi wa kuanika tulitaka vichanja. Kichanja si kitu cha ajabu: nguzo, fito, wavu juu, dagaa anakauka kwa upepo wa juu na wa chini, hana mchanga, na mvua ikitishia unamfunika na turubai papo hapo. Dagaa wa kichanja bei yake ni nyingine kabisa. Hoja yetu ilikuwa imesemwa kwenye vikao vingi, na kila mara jibu lilikuwa "imepokelewa."

Taarifa ya mapato na matumizi ilikuwa inasomwa mwisho, chini ya "Mengineyo." Kikao kinaanza saa tisa, wasemaji wanasema, na ukifika Mengineyo jua limeinama, wengine wanachukua udhu, wengine wanatafuta ndala zao. Nasoma kwa haraka, mwenyekiti anasema "tunamshukuru Mweka," tunafunga kwa dua.

Nikamfuata katibu nyumbani kwake siku mbili kabla ya kikao. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Mweka. Kuna upungufu?"

"Hakuna. Naomba taarifa ya fedha iwe ajenda ya pili, tukishafungua tu."

"Kwa nini?"

"Macho, mwalimu. Jioni herufi zinanikimbia."

Alinitazama kidogo, akacheka, akaandika. Mpaka leo sijui kama aliamini habari ya macho. Mke wake alikuwa anaanika dagaa, kwa hiyo nina wasiwasi hakuamini.

Siku ya kikao nilisoma saa tisa na nusu, watu wakiwa bado na akili. Sikumtuhumu mtu. Nilisoma michango kwa makundi: wenye vyombo wametoa hiki, wachuuzi wa samaki wabichi hiki, mama lishe hiki, waanikaji hiki. Nikanyamaza watu wapige hesabu wenyewe, maana waanikaji tulikuwa tumetoa zaidi ya wengine wote. Kisha matumizi: usafi, lindo, na safari. Kwenye safari nilisoma kila safari na tarehe yake na kiasi chake. Mzee mmoja mwenye vipe akauliza, "Hizo safari zote zilikwenda wapi?" Nikasema, "Mimi ni mweka hazina, mzee. Waliosafiri wapo hapa." Kuanzia hapo kikao kilikuwa kirefu, na sala ya magharibi ilitukuta palepale.

Vichanja tulivipata, siyo vyote tulivyotaka. Ofisi ya tofali nayo ilijengwa baadaye, maana wanaume wa mwaloni hawakukubali kushindwa moja kwa moja, na kusema kweli siku za mvua tunajikinga humo. Ila tangu kikao kile fedha imebaki ajenda ya pili. Hakuna aliyepiga kura kuibadilisha. Katibu anaiga ajenda ya kikao kilichopita, basi imekaa.

Boti za kwenda Gombe zinatoka Kibirizi, na wageni wa sokwe tunawaona wakipita na kamera zao. Kila mtoto wa Kigoma anamjua Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Ila tunamsimulia kwa sokwe tu. Mimi nimebaki na mambo mengine ya habari ile. Alipofika Gombe tarehe 14 Julai 1960 alikuwa na miaka 26 na hana digrii. Wakoloni waliokuwa wanatawala walikataa binti akae porini bila mwenzi, ikabidi mama yake mzazi, Vanne, afunge safari kutoka Uingereza aje akae naye. Mama yule hakukaa bure, alikuwa anawapa wavuvi dawa ndogondogo, na wavuvi wakawazoea. Nimelea mabinti, na nimewasindikiza sehemu ambazo hawakuhitaji kusindikizwa ila kwa ajili ya watu. Kwa hiyo mimi nikisikia habari ya Gombe namwona zaidi yule mama.

Jane naye kazi yake ilikuwa kukaa, kutazama na kuandika. Aliwapa sokwe majina, na alipokwenda Cambridge kusomea uzamivu, bila kupitia digrii ya kwanza, wasomi wakamwambia angewapa namba. Hakubadilisha. Walikuwa wanabishana na mtu ambaye madaftari yake yalikuwa yameshajaa.

Kwenye siasa sitakaa sana. Viti maalum bungeni vilianza zamani, kwenye halmashauri vipo, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, watatu wanawake. Sidharau hata kidogo. Mwanamke mjane wa kijijini anayedai shamba lake akikuta wanaume saba mbele yake anarudi nyumbani. Lakini nimewaona wanawake wanaoitwa kikao kikikaribia kuanza kwa sababu idadi haijatimia, hawajui hata kesi ni ya nani. Huku Buha, nchi ya Waha, ametoka Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani, kisha Waziri wa Elimu mwaka 2015, na mwaka 2020 akaingia kwenye kinyang'anyiro cha jimbo la Kasulu Mjini akashinda. Wateja wangu wa Kasulu wanamsifu kwa usomi. Mimi namtaja kwa ile kura ya jimbo, kwa sababu kuomba kura kwa wanaume na wanawake pamoja ni kazi nyingine.

Nilijua hivyo mwaka 2021. Machi 19 Mama Samia alipoapishwa tulisikiliza kwenye redio za simu pale ufukweni, wanaume wakatutania: "Haya, mmetushika sasa." Ulipofika uchaguzi wa kikundi chetu cha hisa, ambacho wengi ni wanawake na wanaume wako wachache, hao hao waliotutania ndio waliosema hela tumpe mama. Nikasimama nikasema sigombei uweka hazina, nagombea uenyekiti.

Kimya. Kisha mtu akauliza, kwa wasiwasi wa kweli kabisa: "Sasa hela atashika nani?"

Upinzani mkubwa haukutoka kwa wanaume. Ulitoka kwa mama mmoja mtu mzima, jirani yangu wa kuanika, ninayemheshimu mpaka leo. Alisema: "Mwanangu, wewe ukienda kukaa mbele, sisi nani atatulindia?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia sanduku letu lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na kwa katiba yetu mwenyekiti hashiki hata mmoja. Mlinzi ni kufuli, Mweka ni wa kuandika tu, na kuandika mtu anafundishika. Akanipigia kura, lakini alinuna.

Uweka hazina ukaenda kwa kijana fundi wa taa za sola. Nilimfundisha safu zangu jioni baada ya jioni, na niseme tu kwamba kulikuwa na raha yake kumsikia mwanamume akiitwa "Mweka" na kuulizwa barabarani hela za watu ziko wapi.

Uenyekiti una ugumu ambao nilikuwa siujui. Mweka hazina akisema "hakuna hela" amemaliza kazi. Mwenyekiti akisema hivyo watu wanabaki wanamtazama. Nilionja hilo mwaka 2024, nchi nne zinazomiliki Ziwa Tanganyika zilipokubaliana kulipumzisha, na kwetu uvuvi ukafungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15. Miezi mitatu hakuna kipe kinachoingia. Sababu tuliielewa, dagaa walikuwa wamepungua na kila mmoja wetu alikuwa anaona beseni linavyopanda bei. Lakini mvuvi akikosa ziwa anatafuta kibarua cha ujenzi. Mwanikaji anayelea watoto peke yake anatafuta nini?

Wengi walitaka tuvunje sanduku mapema, kila mtu achukue hisa zake aondoke. Wengine walitaka lisiguswe. Tulibishana vikao mfululizo, na hapo ndipo kaunta buku za zamani zilinisaidia zaidi ya ufasaha wowote. Zilionyesha kwamba kila baada ya mbalamwezi ndefu, anayenunua bei nzuri siku ya kwanza ya giza ni mwenye mtaji mkononi, na anayekopa siku hiyo analipa deni mpaka giza lijalo. Tukakubaliana nusu igawanywe kwa hisa watu wapate kula, nusu ibaki ikopeshwe kwa biashara nyingine: mawese, sabuni, maharage ya Kasulu. Waliochukua chao wakaondoka moja kwa moja wapo, siwalaumu. Waliobaki, ziwa lilipofunguliwa walikuwa na cha kununulia.

Mwaka huo huo mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo asilimia nne ni ya wanawake, ilirudi baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia, na Kigoma ikawa kwenye halmashauri za majaribio ya kupitishia benki. Tulipokwenda kuulizia, ofisa hakuniuliza mimi mwenyekiti chochote. Alimgeukia mweka hazina akasema, "Naomba kuona vitabu." Kijana akamfungulia ukurasa wa kwanza, safu zote, mpaka ya mwezi. Ofisa akauliza, "Hii 'G' ni nini?" "Giza, mkuu."

Ugomvi tulio nao sasa ni mwingine. Mwanachama wetu mmoja ameweka hisa zake kwenye kipe, kwa hiyo ni mwenye chombo, na kupanda hawezi. Matumizi yakitolewa, kinachobaki mwenye chombo na wavuvi wanagawana, lakini kinachotolewa anakijua aliyekuwepo usiku. Wiki za mwanzo alikuwa anasimuliwa tu, kama sote tulivyosimuliwa siku zote. Akaenda kwa nahodha akamwambia anataka karani wake awemo chomboni kila usiku.

"Mwanamke?" nahodha akauliza.

"Mpwa wangu, wa kiume. Tatizo lako nini?"

"Hakuna tatizo, dada. Ila mtu wa daftari ziwani hatujawahi kuwa naye."

"Sasa mtakuwa naye."

Kijana alipanda giza lililofuata na kaunta buku ndani ya mfuko wa plastiki. Ana mwandiko mbaya na hajui kuogelea. Giza lote la kwanza alikuwa anatapika kuanzia wanapotoka mpaka wanaporudi, wavuvi wakamcheka sana, lakini hesabu ya kila usiku aliileta, na mafuta ya injini yameshuka karibu nusu.